Kulipwa ili msitu ubaki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu malipo ya huduma za mazingira

Haya ndo maswali nayokutana nayo kila nikigusa hii mada, nimeyakusanya sehemu moja ili nisiwe najibu kimojakimoja kila siku. Mengine majibu yake marefu, mengine sentensi mbili tatu, we ruka unapotaka kuruka.

Hii kitu ni nini hasa?

Ni hivi. Juu ya mlima kuna msitu, mto unatoka humo, chini kuna mji unakunywa hayo maji. Mwenye shamba kule juu akifyeka apande mahindi anapata hela msimu huuhuu, wa chini wao wanapata tope mvua ikinyesha na mto mkavu kiangazi kikija, na lile tope halimfikii aliyefyeka, kwa hiyo hana sababu ya kuacha. Sasa badala ya kumtukana au kumtumia askari, watu wa chini wanamwambia sawa, sisi tutakulipa kila mwaka, we iache hiyo miti isimame. Basi. Ukielewa hapo umeshaelewa sehemu kubwa. Wataalam wanaita malipo kwa huduma za mifumo ikolojia, kwa kifupi PES, jina refu kuliko jambo lenyewe.

Huduma gani sasa, msitu unanihudumia nini?

Unachuja maji, unashika udongo, unavuta hewa ukaa, unafuga nyuki wanaochavusha mazao yako. Mwaka 2005 ilitoka ile Tathmini ya Milenia ya Mifumo Ikolojia, wakapima huduma 24 za asili duniani wakakuta 15 zinaharibika au zinatumiwa kupita uwezo wake. Kuna wachumi pia mwaka 1997 walipiga hesabu ya thamani ya huduma zote za dunia nzima wakapata kama dola trilioni 33 kwa mwaka, mi hiyo namba huwa siitumii sana, maana hakuna mteja wa kulipa trilioni 33, na kitu kisicho na mteja huwezi kukiandikia mkataba.

Kwenye biashara halisi zinazouzika ni nne tu: maji, kaboni, viumbe hai na mandhari ya watalii. Na kati ya hizo nne, maji na kaboni ndo zinabeba hela nyingi.

Si ndo misaada ileile ya wafadhili, imebadilishwa jina?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanachanganya. Msaada unapewa halafu unaandika ripoti. Hapa unalipwa ukishaonyesha kitu kimefanyika, usipofanya hulipwi. Kuwe na anayelipa, kuwe na anayelipwa, kuwe na huduma inayojulikana ni ipi, wote wameingia kwa hiari, na hela itegemee matokeo. Hilo la mwisho ndo roho ya jambo zima, na ndo linalovunjwa kuliko yote, kwa sababu kumnyima hela mkulima maskini eti kakata miti mitatu ni kazi ngumu, afisa anaona aibu, anasaini tu, mwaka unaofuata kila mtu anajua kwamba ukikata unalipwa na usipokata unalipwa.

Prof. Wangari Maathai alilielewa hili mapema. Harakati yake ya Green Belt iliyoanza Kenya mwaka 1977 ilikuwa inawapa kina mama kahela kadogo kwa mche uliopona, si kwa mche uliopandwa. Fikiria tofauti yake. Wa kulipwa kwa kupanda anachimba mashimo mia asubuhi moja anaondoka, wa kulipwa kwa uliopona anarudi na maji, anafukuza mbuzi.

Nani anatoa hizo hela?

Kuna aina tatu, usizichanganye.

Ya kwanza mtumiaji mwenyewe. Mfano mzuri ni Vittel kule Ufaransa, wauza maji ya chupa. Miaka ya 80 mwishoni waliona naitreti inapanda kwenye chemchemi yao kwa sababu wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walio juu yake wanalima mahindi kwa mbolea nyingi. Wangeweza kwenda mahakamani. Wakaamua kukaa na wakulima mmojammoja, wakasaini mikataba mirefu, miaka 18 mpaka 30, mkulima aache mahindi, samadi aigeuze mboji kwanza, na kampuni imfidie pengo. Ilichukua miaka kama kumi ya utafiti na maongezi mpaka ikakaa sawa. New York nayo ilifanya hesabu za namna hiyo. Kujenga mtambo wa kuchuja maji kulikadiriwa dola bilioni 6 hadi 8, wakaona bora walipie milima ya Catskill yanakotoka maji, makubaliano yakasainiwa 1997 na gharama ikawa kama bilioni moja na nusu. Hawakufanya kwa huruma ya mazingira, walifanya kwa sababu ni rahisi zaidi.

Ya pili serikali, inatoza kodi halafu inawalipa wenye ardhi kwa niaba ya wananchi wote.

Ya tatu ni ya kimataifa, mtu au serikali ya nchi nyingine kabisa inalipa kwa sababu hewa ukaa haina mpaka wala paspoti. Hii ndo inayozua maswali mengi kwa hiyo narudi huko chini.

Nchi gani ilianza kufanya kwa ukubwa?

Costa Rica. Kuanzia miaka ya 50 walifyeka msitu wao vibaya sana, ng'ombe kila mahali. Mwaka 1996 wakatunga sheria ya misitu namba 7575, ikapiga marufuku kugeuza msitu kuwa kitu kingine, na hapohapo ikasema mwenye msitu alipwe kwa huduma nne, zile nilizozitaja. Malipo yakaanza 1997, yanasimamiwa na mfuko unaoitwa FONAFIFO, na hela inatoka hasa kwenye kodi ya mafuta, asilimia 3.5 ya kodi hiyo inakwenda huko. Yaani ukijaza tangi la gari umemlipa mwenye msitu bila kujua. Hiyo mi naona ni akili kubwa, maana anayechafua hewa ndo anachangia, na hela inaingia kila siku bila kumsubiri mfadhili aamke vizuri.

Leo zaidi ya nusu ya nchi ni msitu. Ila tuwe wakweli, malipo peke yake hayakufanya hivyo. Marufuku ya sheria ilikuwepo, bei ya nyama ilishuka ufugaji ukakosa faida, utalii ukakua. Mtu akikwambia Costa Rica ilirudisha msitu kwa kulipa tu anakuuzia kitu.

Na China je, si nasikia ndo kubwa kuliko zote?

Ndiyo. Baada ya mafuriko makubwa ya mto Yangtze mwaka 1998 walianza mwaka uliofuata kuwalipa wakulima wa miteremkoni waache kulima wapande miti au majani. Mwanzoni walilipwa nafaka, kilo 2,250 kwa hekta kwa mwaka upande wa Yangtze na kilo 1,500 upande wa mto Manjano, pamoja na hela kidogo na miche. Miti ya kuhifadhi ulilipwa miaka 8, ya matunda 5, majani 2. Ni nafaka ndo ilifanya wakubali, kwa sababu hofu ya mkulima haikuwa hela, ilikuwa atakula nini.

Kwa hiyo si lazima walipe taslimu?

Si lazima, na saa zingine taslimu ni mbaya. Kule Bolivia, bonde la Los Negros, kuanzia 2003 wenye msitu wa mawingu juu walikuwa wanapewa mzinga mmoja wa nyuki kwa kila hekta kumi za msitu kwa mwaka, na mafunzo ya kufuga nyuki. Walikataa hela wenyewe, waliona hela itaisha wiki hiyohiyo na pia hawakutaka ionekane wameuza maji. Mzinga unakaa. Halafu angalia kilichomo ndani yake: nyuki wanataka maua, maua yapo msituni, kwa hiyo malipo yenyewe yanamfanya mtu autake msitu.

Krediti ya kaboni ndo hiihii?

Ni mtoto wake mmoja. Krediti moja ni tani moja ya hewa ukaa ambayo ama haikutoka ama imevutwa. Inapimwaje? Watu wanaingia msituni na kamba, wanaweka alama ya kiwanja, kila mti ndani ya kiwanja wanauzungushia futi kwenye usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, mmoja anasoma mwingine anaandika, na mti ukiwa na mizizi ya juujuu au umeinama kuna kubishana wapi ndo kifua chake. Unene ule unaingizwa kwenye hesabu unatoa uzito mkavu wa mti. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni, halafu unazidisha na 3.67 kupata hewa ukaa. Kwa hiyo mti wenye tani moja ya uzito mkavu umeshika kama tani 1.7 za hewa ukaa.

Lakini ngoja, hauuzi hiyo 1.7! Watu wengi wanakosea hapa wanaanza kuhesabu miti ya babu wanajiona matajiri. Unachouza ni tofauti kati ya kilichobaki na kile ambacho kingebaki kama mradi usingekuwepo. Kama hakuna mtu aliyekuwa anaugusa huo msitu, tofauti ni sifuri.

Mfano mdogo unaoeleweka ni Mikoko Pamoja kwenye ghuba ya Gazi, Kenya. Walianza 2013, hekta 117 za mikoko, wanauza kama tani 3,000 kwa mwaka, na hela inaenda kwenye vitu vinavyoonekana kama maji na shule za vijiji viwili. Si mamilioni. Ndo maana nawaambia watu washushe matarajio kidogo kabla hawajanunua pikipiki kwa mkopo.

Kwa nini Norway ilipie misitu ya watu?

Kwa sababu hewa ukaa ya msitu ukichomwa Amazon inawafikia na wao, na pia kwa sababu wana hela ya mafuta na gesi, ukitaka kuwa mchokozi sema wanasafisha dhamiri, mi sikatai. Wazo la kulipa nchi zipunguze ukataji lililetwa kwenye mikutano ya tabianchi na Papua New Guinea na Costa Rica mwaka 2005, baadaye likaitwa REDD+. Norway ndo ikatoa hela kweli: Mfuko wa Amazon wa Brazil mwaka 2008, Guyana mwaka 2009 kwa ahadi ya mpaka dola milioni 250, na Gabon ikapata dola milioni 17 mwaka 2021, nchi ya kwanza Afrika kulipwa kwa matokeo namna hiyo.

Serikali ikibadilika au mlipaji akighairi?

Inaumiza, na imeshatokea mara nyingi. Huo Mfuko wa Amazon uliganda 2019 serikali ya Brazil ilipovunja kamati zake, ukafunguliwa tena Januari 2023 baada ya uchaguzi. Miaka mitatu na zaidi hela imekaa benki msitu unaungua.

Kingine ni Yasuní, Ecuador. Mwaka 2007 rais wao alisema dunia itupe dola bilioni 3.6, nusu ya thamani ya mafuta yaliyo chini ya hiyo hifadhi, na sisi tutayaacha ardhini. Mpaka 2013 zilizoingia ni kama milioni 13, akafuta mpango, wakachimba. Agosti 2023 wananchi wenyewe wakapiga kura uchimbaji ukome, bila dunia kutoa hizo bilioni. Hii stori naipenda kwa sababu inaonyesha mambo mawili kwa pamoja, makofi ya kimataifa si pesa, na watu wanaweza kutaka msitu wao hata bila kulipwa.

Inafanya kazi kweli au ni semina tu?

Jibu la kweli ni inategemea, ila kuna ushahidi mmoja mzuri. Uganda magharibi, Hoima na Kibaale, watafiti walichukua vijiji 121, wakapiga kura ya bahati nasibu, vijiji 60 wenye msitu wakaahidiwa shilingi za Uganda 70,000 kwa hekta kwa mwaka kwa miaka miwili, vilivyobaki havikupewa kitu. Matokeo yalitoka 2017 kwenye jarida la Science. Kwenye vijiji visivyolipwa miti ilipungua asilimia 9.1, kwenye vilivyolipwa asilimia 4.2. Kwa hiyo haikuzuia kabisa, ila ilipunguza zaidi ya nusu, na kwa hela ndogo tu. Uzuri wake ni ile bahati nasibu, kwa sababu tunajua ingekuwaje bila hela.

Ndo swali lenyewe hilo, ingekuwaje bila hela. Mexico ilipoanza 2003 hela nyingi iliishia kwenye misitu ya milima mikali ambayo hakuna mtu angeenda kulima huko hata umlipe, wenye msitu huo ndo waliokimbilia kujiandikisha kwanza, na mimi ningekimbilia! Unalipwa kwa kutofanya kitu ambacho hukuwa na mpango nacho. Kwenye kaboni ni mbaya zaidi kwa sababu mwenye mradi ana faida ya kusema "bila sisi msitu ungeisha wote". Mwaka 2023 utafiti mwingine kwenye Science ulipitia maeneo 26 ya miradi ya aina hiyo katika nchi sita, ukakuta mingi haikupunguza ukataji kwa kiasi cha maana, na ile iliyopunguza ilipunguza kidogo kuliko ilivyotangaza. Wenye miradi walibisha mbinu za utafiti, wabishane, ila soko lilishuka na wanunuzi wakawa waoga.

Nikilipwa hapa nikaenda kukata kule?

Inaitwa uvujaji. Dawa yake ni kupima eneo pana kuliko la mkataba, na kuhakikisha watu wana kuni na mashamba mahali pengine. Kama kuni zimefungwa na hakuna jiko banifu wala shamba la miti ya kuni, uvujaji ni suala la wiki.

Msitu ukiungua krediti zinaenda wapi?

Miradi inaweka akiba ya pamoja, sehemu ya krediti haiuzwi, ikitokea moto zinafutwa kutoka kwenye akiba. Shida ni kwamba moto unazidi kuongezeka na akiba zilipangwa kwa hali ya zamani.

Sina hati ya ardhi, nitalipwa?

Hapa ndo pananiuma. Mkataba unataka mwenye ardhi, na kwenye misitu mingi ya dunia watu wamekaa vizazi na vizazi bila karatasi. Mradi ukija, mwenye karatasi analipwa, asiye nayo anaambiwa asiingie kuokota kuni. Wanawake ndo wanaumia kwanza maana jina kwenye hati ni la mume, ila wa kuingia msituni kila siku ni yeye. Nchi zimeanza kuweka sheria, Kenya kwa mfano mwaka 2023 ilibadilisha sheria yake ya tabianchi, miradi ya kaboni ya ardhini jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Ni hatua nzuri, lakini asilimia 40 ya nini na nani anashika daftari, hilo ni swali lingine.

Kuuwekea mti bei si ndo kuuza uumbaji?

Kuna watu wanaamini hivyo kwa dhati na siwacheki. Hoja yao yenye nguvu ni hii: mtu aliyekuwa analinda chemchemi kwa sababu ni mwiko au ni ya wote, ukimzoesha kulipwa, siku hela ikikatika anaona hana deni tena. Ndo maana mi nasema pale ambapo mila bado inalinda, usilete hela kwa mtu mmojammoja, leta kitu cha pamoja au usilete kabisa. Ila pale ambapo msumeno tayari unaunguruma na mti una bei sokoni ukiwa mbao, kuukatalia bei ukiwa umesimama ni kuupa ushindi msumeno.

Kuna jipya lolote kimataifa?

Desemba 2022 nchi zilikubaliana Montreal kutafuta angalau dola bilioni 200 kwa mwaka ifikapo 2030 kwa ajili ya bioanuwai kutoka vyanzo vyote, na kati ya hizo nchi tajiri zipeleke bilioni 30 kwa mwaka kwa nchi zinazoendelea. Halafu Novemba 2025 pale Belém, Brazil ilizindua mfuko wa misitu ya tropiki unaoitwa TFFF. Mpango ni kukusanya mtaji wa dola bilioni 125, kuuwekeza, na faida yake ilipe nchi kama dola 4 kwa kila hekta ya msitu uliosimama kila mwaka, ikikatwa kwa kila hekta iliyoharibiwa, na angalau asilimia 20 iende kwa watu wa asili na jamii za wenyeji. Tofauti na kaboni hapa hulipwi kwa kupunguza ukataji, unalipwa kwa msitu uliopo, kwa hiyo hata nchi ambayo haijawahi kukata inapata. Mtaji ulioahidiwa mwanzoni upo mbali sana na hiyo 125.

Mradi umekuja kwetu na mkataba, tuulize nini?

Uliza mkataba ni wa miaka mingapi kwanza, kuna watu wamesaini miaka 30 au 40 wakidhani ni mitano. Uliza bei ni ya kudumu au inapanda soko likipanda, na kama krediti ikiuzwa mara ya pili kwa bei ya juu nyie mnapata nini. Uliza gharama zinakatwa kabla au baada ya mgao, kwa sababu asilimia 60 ya kinachobaki baada ya "gharama za uendeshaji" inaweza kuwa nauli tu. Nani anapima miti, na mnaweza kupata nakala ya vipimo? Nini mnakatazwa kufanya, kuni, malisho, asali, dawa, makaburi, kila kimoja kiandikwe kwa jina. Moto usio wenu ukipita nani anabeba hasara. Mkitaka kutoka mnatokaje. Mkataba usomwe mbele ya mkutano kwa lugha mnayoongea nyumbani, kurasa zote, pamoja na viambatisho maana asilimia huwa zinafichwa huko. Na akisema leo ndo siku ya mwisho ya kusaini, aache nakala, aende, arudi mwezi ujao.